Kaseti Iliyovunjwa Jino

Mimi nilikuwa na tovuti kabla hata neno lenyewe halijafika Isiolo. Msicheke. Ilikuwa na ukurasa wa kukaribisha mgeni, ilikuwa na mlango wa kuingilia nyumbani kwetu na mwingine wa kuingilia kichwani mwangu, na ilikuwa na ngamia aliyechorwa kwa alama za nyota. Waliowahi kuiona ikiwa nzima ni watu watatu tu, na mmoja wao ni mimi. Kwa hivyo nikisema ilikuwa nzuri, hakuna wa kunibishia.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho, nikiwa kidato cha nne katika shule moja ya sekondari ya mjini. Mimi na mama tulikuwa tunakaa mtaa wa Bulla Pesa, chumba kimoja katika ploti ya vyumba vinavyotazamana, choo kimoja, na mfereji unaotoa maji siku ukijisikia. Baba alifariki nikiwa mdogo sana. Mama aliuza maziwa ya ngamia. Asubuhi na mapema alikwenda kuyapokea kwa wanawake waliotoka manyatta za wafugaji, akakaa nayo kando ya barabara mpaka yaishe au yachache. Vibuyu vya maziwa kwetu hufukizwa moshi ili visioze, na moshi huo ulikuwa umeingia kila kitu chetu, blanketi, mikate, hata sare yangu ya shule. Wasichana wengine walikuwa wakinipisha kwenye benchi. Niliona haya, na haya hiyo ilinifanya mkali.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mzungu wa kujitolea, kijana mrefu ambaye jua lilikuwa limembandua pua. Alikuja na kompyuta yake mwenyewe ndani ya sanduku la nguo. Siku ya kutuonyesha tulijazana darasani tukingoja mtambo. Akatoa kitu kidogo kama taipureta iliyonyolewa. Akakichomeka kwenye televisheni ya walimu, ile isiyo na rangi, kukatokea kialama kimoja kinapepesa. Basi. Wenzangu walikuwa wamedhani watatazama sinema. Baada ya wiki chache wote walikuwa wameponyoka, tukabaki wawili: mimi, na mvulana Mmeru ambaye baba yake aliuza vipuri vya magari mjini.

Hapo ndipo mwalimu akatupa kazi. Kila mmoja atengeneze ukurasa wake ndani ya ile mashine, ili mtu asiyekujua, akikaa mbele yake wewe ukiwa hupo, akujue. Hivyo ndivyo alivyosema, na maneno hayo yaliniingia. Isiolo mtu hakujui hivi hivi. Anakuuliza wewe ni wa nani, na huyo naye ni wa nani, mpaka afike kwa babu fulani aliyewahi kumwazima dume, ndipo anatulia na kukusalimia vizuri. Ukimwambia mimi ni mimi, atakuona una wazimu. Na sasa hapa kuna mtu ananiambia niandike mimi ni nani, bila ya babu.

Kisha akatuambia jambo la pili, akalisema polepole. Kulikuwa na chuo Nairobi ambacho kingetuma watu kuja kutazama kazi yetu. Wangechagua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, aende kufundishwa kompyuta baada ya mtihani, na kila kitu kiwe juu yao.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Mwenzangu akikosa angerudi dukani kwa baba yake, na duka lilikuwa zuri. Mimi nikikosa palikuwa na Merti, mbali huko kaskazini. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kiduka huko na mifugo, na alikuwa amekwisha kusema kwamba nikimaliza shule niende kwake, nimsaidie mkewe dukani, na mengine yatafuata. Hayo mengine sikuhitaji kuelezwa. Yalikuwa na ndevu na ng'ombe wengi. Mama hakuyataka, lakini mama alikuwa mjane muuza maziwa, na kaka yake ndiye aliyekuwa na sauti.

Basi nikaingia kazini. Kila mstari unaoiandikia mashine ile ulikuwa na namba yake, na mwalimu alitukataza kuhesabu moja, mbili, tatu. Tuhesabu kumi, ishirini, thelathini, ili kesho ukikumbuka kitu cha katikati upate mahali pa kukipenyeza. Ukisahau alama moja ya kufunga maneno, mashine inakataa yote na kukuambia umekosea mstari fulani. Umekosea nini, haisemi. Niliitukana kwa Kiborana, nikaitukana kwa Kiswahili, na nikiishiwa niliendelea kwa Kimeru, ambacho nilikuwa nimejifunza sokoni kwa kazi hiyo hiyo. Mwenzangu alikuwa akicheka mpaka anashika meza.

"Wewe, hiyo mashine haina mama," aliniambia. "Wacha kuitusi mama yake."

Ukurasa wangu ulianza na jina langu likitokea herufi moja moja, kama mtu anayepiga hodi. Halafu unaambiwa: bonyeza moja uingie nyumbani, mbili uone ngamia, tatu ujue ninachotaka. Ngamia alinitesa. Ukiongeza nyota moja shingoni, nundu inahama inakwenda matakoni. Mwenzangu alimtazama akasema, "Hiyo kitu yako iko sawa, lakini ngamia inakaa mbwa." Nilimfukuza, halafu nikamrekebisha ngamia, maana kweli alikuwa anafanana na mbwa.

Mlango wa tatu niliuandika na kuufuta sijui mara ngapi. Mwishowe, kwa Kiingereza changu cha shule, niliandika kwamba nataka kufika mahali ambapo mtu ataniuliza jina langu kabla ya kuniuliza la baba yangu. Mwalimu aliusoma, akaenda kusimama dirishani. Mvulana alisoma akasema, "Eh." Hiyo kwake ilikuwa sifa kubwa. Ukurasa wake yeye ulikuwa ni orodha ya vipuri vya baba yake, na ukichagua viwili unakujumlishia bei. Ulikuwa unachosha kweli kweli, lakini ulikuwa haukosei.

Sasa, mashine ile ilikuwa haina kumbukumbu. Umeme ukikatika, na wa Isiolo ulikuwa hauchoki kukatika, kila kitu kinapotea kana kwamba hukuzaliwa. Dawa yake ilikuwa kaseti. Unaunganisha redio kaseti kwa waya, unabonyeza kurekodi, na ukurasa wako wote unaingia kwenye utepe ukiwa mlio. Kwanza filimbi ndefu, halafu mkwaruzo wa kukata masikio, kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni. Kesho unaichezea mashine mlio huo, nayo inaurudisha kuwa maneno. Mwalimu alitusihi tusifute kazi ya jana: kila jioni turekodi upya baada ya ile ya zamani, mbele zaidi kwenye utepe. Kwa hiyo upande mmoja wa kaseti yangu ulikuwa na kurasa zangu zote zimepanga foleni, kuanzia ule wa jina tupu mpaka ule uliokamilika. Upande wa pili zilikuwa nyimbo, kwa sababu kaseti yenyewe niliinunua kuukuu na sikuwa na nyingine.

Kazi ilipokamilika, mwalimu akanionyesha jino. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, kila upande na chake. Ukikivunja cha upande wako, redio inakataa kurekodi tena upande huo. Nilikivunja kwa ncha ya bikari, kikaruka chini ya kabati. "Sasa iko salama milele," mwalimu akasema. Kabati la shule lilikuwa halifungi, na vitu vilikuwa vinatembea, kwa hiyo nikaipeleka nyumbani. Niliiweka ndani ya kopo kubwa la majani ya chai ambamo mama aliweka kaseti zake, maana hapo ndipo vumbi la Bulla Pesa lilikuwa haliingii.

Lazima niwaeleze habari ya kaseti kwetu. Mama hakujua kusoma, wala mjomba. Barua ingehitaji mtu wa kuandika huku na mtu wa kusoma kule, na wote wawili wangejua mambo yenu. Watu wa kwetu walikuwa wakiongea kwenye kaseti, wakampa dereva wa lori, na kaseti ikirudi huwa imerekodiwa majibu juu ya yale yale maneno yako. Kaseti moja ilikwenda Merti na kurudi mpaka sauti zenyewe zikaanza kuchoka. Na kwa sababu kaseti mpya hazikuwa rahisi kupatikana, watu walitumia zile za nyimbo za dukani, ambazo huja zikiwa zimevunjwa jino. Kila mwanamke wa Bulla Pesa alijua la kufanya. Unatafuna kipande cha karatasi, unakishindilia kwenye lile tundu, redio inadanganyika. Mwalimu wangu alitoka nchi ambako jino likivunjwa limevunjwa.

Mama akirekodi alikuwa anakaa wima, anajifunga shuka vizuri kana kwamba anatazamwa. "Assalaam aleikum," anasema, ananyamaza. Anangoja. "Nagaa?" Ananyamaza tena. Watu wa nyumbani nagaa? Kimya. Watoto nagaa? Kimya. Ng'ombe, mbuzi, mvua, kisima, mguu wa yule mzee, kila kimoja anakiuliza amani yake na kukiachia muda wa kujibu.

"Mama, hawakusikii," nilikuwa namwambia. "Unaimaliza kaseti bure."

"Na wao wakinijibu huku mimi naongea, hiyo itakuwa adabu gani?"

Na alikuwa sahihi, kwa maana kule Merti, nilikuja kujua, walikuwa wanajibu kweli, wote wamekaa kuizunguka redio, ndani ya vile vipande vya kimya.

Siku moja kabla ya wageni kufika, nilirudi kutoka shule mchana. Wageni walikuwa waje asubuhi, mwalimu alitaka kaseti yangu mapema aijaribu. Nikafungua kopo. Kulikuwa na kaseti za mawaidha, kulikuwa na moja iliyokatika utepe. Yangu haikuwemo.

Mama alikuwa nje anasuuza vibuyu. "Mama, kaseti yangu iko wapi? Ile nyeupe."

"Ile mbovu?"

Nikaliweka kopo chini.

"Niliisikiliza kwanza," mama akasema. "Wallahi, mimi si mtu wa kufuta kitu cha mtu. Inalia tu, nikasema jua limeikaanga. Nikaigeuza, upande wa pili nikakuta nyimbo zile nzuri, hizo sikuzigusa. Nikarekodia upande uliokufa. Si ulikuwa umevunjwa jino? Nikajua ni kaseti ya duka iliyoharibika." Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameokoa kaseti.

"Iko wapi sasa?"

"Imeenda Merti. Lori limeondoka sasa hivi. Kwani ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa ya shule," nikasema, na nilikuwa tayari barabarani.

Nilikimbia mpaka kwenye kizuizi cha polisi upande wa kaskazini, pale ambapo lami ilikuwa inakwisha na nchi nyingine ilikuwa inaanza. Malori yalisimamishwa hapo kukaguliwa, wakati mwingine saa nzima, na nilikuwa nimeweka tumaini langu lote katika uvivu wa polisi. Siku hiyo hawakuwa wavivu. Vumbi la lori lilikuwa bado linaonekana.

"Hiyo imepita," askari akaniambia. "Unataka nini na hiyo gari?"

"Kuna kitu yangu ndani."

"Kitu gani?"

Ningeanzia wapi? Askari akaniona mtoto wa shule anayelia kwa sababu ya mvulana wa lori, akanicheka, akaniambia nirudi nyumbani kwa mama. Nilirudi nikitembea. Njiani nilijiambia ya nini hata kulia, lori nililifuatia nini? Nazijua salamu za mama. Kaseti nzima haizitoshi. Ukurasa wangu ulikuwa umefutwa wote kabla lori halijawashwa.

Asubuhi mwalimu alinikalisha mbele ya mashine kabla ya kengele. Hakunigombeza. "Andika unachokumbuka," akasema. Na mimi nilikuwa nakumbuka kila kitu, hilo ndilo la ajabu, lakini nilikuwa nimekipenyeza kidogo kidogo kwa majuma mengi, na sasa nilikuwa na dakika chache tu. Jina langu lilitokea. Mlango wa kwanza niliuandika. Ngamia nilimfikisha magotini. Tukasikia gari nje.

Walikuwa wanaume wawili wenye suti na mwanamke mmoja wa miwani. Sisi tuliambiwa tukae nje, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kujulikana ukiwa hupo. Nilichungulia dirishani. Yule mwanamke alitazama jina langu likitokea herufi moja moja, na nikaona uso wake umefurahi kidogo. Akabonyeza moja. Mashine ikamwambia kuna kosa mstari wa sabini. Akabonyeza tena. Kosa mstari wa sabini. Akatazama saa yake.

Waliniita ndani wakaniuliza kama ndiyo hiyo tu. Nikawaeleza kwa Kiingereza kwamba ilikuwa ndefu zaidi, ila mama alikuwa ameongea juu yake.

"Ameongea juu yake?"

"Ndiyo. Aliwasalimia watu wa Merti."

Wakacheka. Si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliotoka safari ndefu. Mmoja akasema kwao Nairobi mambo ya kaseti yalishapitwa, mashine zao zinatumia visahani vya disketi. Mwalimu alijaribu kunitetea. Akasema ameuona ukurasa wangu kwa macho yake, na hajaona kitu kama hicho. Wakamjibu kwa heshima kwamba wao wanaweza kupima tu kile kilicho mbele yao. Hata mimi ningesema hivyo, na ndiyo maana iliniuma.

Walimchukua mvulana. Walichagua vipuri vitatu, mashine ikawajumlishia, wakapiga makofi. Baadaye alinifuata nyuma ya darasa nilikokuwa nimejificha. "Mimi nimewaambia wewe ndio unajua," akasema. "Wamekataa." Alikuwa na machozi, jamani, yeye aliyeshinda. Nilitamani angekuwa mshenzi. Nilitamani mama angekuwa mzembe, mwalimu mwongo, askari mla rushwa, mtu yeyote nimshike shati. Wote walikuwa wamefanya vizuri. Ningeshukuru sana kupata adui.

Mama nilimwambia wamechagua mwingine. Akaniuliza huyo mwingine ana nini ambacho mimi sina. Nikasema ana bahati. Akasuuza vibuyu vyake muda mrefu.

Tukafanya mtihani. Muda wa mwalimu ukaisha, akaagana nasi kwenye mstari wa asubuhi kwa Kiswahili kibovu kilichowachekesha wadogo, akaondoka na mashine yake ndani ya lile sanduku la nguo. Hapakuwa na nyingine Isiolo nzima, au kama ilikuwepo ilikuwa ofisi ambayo mimi nisingepita hata getini. Nilibaki nyumbani. Nilianza kukaa na mama barabarani na maziwa, na wale wasichana waliokuwa wakinipisha kwenye benchi sasa walinipita kwa miguu wakielekea stendi.

Kaseti ilirudi siku moja alasiri. Utingo wa lori aliirusha mlangoni akisema, "Salamu zenu hizi," akaenda zake. Mama alifurahi, akanawa mikono, akajifunga shuka, tukakaa sakafuni na redio katikati.

Mjomba alisalimu, na mama akamjibu kila salamu ndani ya kile kimya. Nagaa. Nagaa. Alhamdulillahi. Kisha mjomba akasema wamefurahi mno. Amewaambia wazee msikitini kwamba mtoto wa dada yake anakwenda Nairobi kufundishwa mashine. Hata wale watu waliokuwa wamekuja kuniulizia, amewarudisha kwa heshima. Kile chumba cha nyuma alichokuwa amenitengea amekijaza magunia ya sukari, maana sasa hakina mtu. Mungu aniongoze, akasema, na ukasikika mlio wa kitufe akimaliza kurekodi.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha uso. Kumbe ndicho alichokuwa amewapelekea ndani ya kaseti ile, siku ile ile, juu ya jina langu: kwamba mimi nimeshachaguliwa. Kabla sijanyoosha mkono kuizima, utepe ukaendelea, na mahali ambapo maneno ya mjomba hayakufika tukasikia sauti ya mama mwenyewe, mkia wa ujumbe wake wa zamani.

"...huyu msimhesabu tena huko. Huyu Mungu amemfungulia. Mimi nitabaki peke yangu, najua, lakini nitabaki nikiwa na furaha. Mengine nitawaambia siku nyingine, dereva anapiga honi, leo nimewasalimu kwa haraka, mnisamehe."

Kwa haraka. Nikapigwa na hilo neno kabla sijaelewa kwa nini. Ikafuata mikwaruzo ya ukurasa uliokatwa katikati, kisha kimya kifupi, kisha filimbi ndefu, safi, kuanzia mwanzo wake. Niliufahamu ule mlio jinsi mtu anavyofahamu kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ukaja mkwaruzo, ukaenda, ukaenda, haukukatika popote, mpaka ukafika mwisho wake na kunyamaza. Ulikuwa ni ule wa mwisho, ambao salamu za mama hazikuufikia. Ulikuwa mzima, pamoja na ngamia, pamoja na mlango wa tatu. Ulikuwa umekwenda Merti na kurudi, haujaguswa.

"Hii ndiyo ile ya shule?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Si ilikuwa imeharibika?"

"Haikuwa imeharibika, mama. Ndivyo inavyolia."

Alinitazama, na nikaona akiyapanga mambo mwenyewe, kaseti, lori, mimi kukimbia, wageni. Alikuwa hajui kusoma, hakuwa mjinga. Akaweka kiganja mdomoni. "Imepona?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Imepona."

"Basi wapelekee! Waambie mama yako ndiye aliyekosea, waambie imepatikana!"

"Hakuna wa kumpelekea. Mashine ya kuisoma imekwenda na mwenyewe. Na wale wa chuo wameshapata mtu wao."

Alilia, mama yangu, bila kujifunika. Nikamwambia hakujua. Akasema hilo halimsaidii mtu. Tulikaa hivyo mpaka kule nje majirani wakaanza kuwasha jiko. Halafu nikamkumbusha kwamba mjomba anangoja majibu na lori linarudi kesho. Akachukua redio, akafungua mdomo, akashindwa. Akanisogezea.

"Waambie wewe."

Nyimbo za upande wa pili sikutaka kuzigusa. Nikarudisha utepe nyuma mpaka pale penye filimbi, nikatazama tundu la jino. Karatasi ya mama ilikuwa bado imo, imekauka. Mama aliona ninapoweka vidole, akanishika mkono. "Hapana, hapo hapana. Tutanunua nyingine." Nikamuuliza ya nini. Akaniachia.

Nikabonyeza vile vitufe viwili pamoja. Nikamsalimu mjomba, nikamsalimu mkewe, kisha nikawaomba wayatoe magunia chumbani, nakuja.